Mama Stewadi Mbele ya Mlango wa Stoo

Wengine wanasimuliwa habari za ujasiri. Mimi niliuona kwa macho yangu, umefunga kitambaa kichwani na kuvaa viatu vya raba.

Ilikuwa miaka ya sabini, uwanja wa shule pale Kathonzweni, timu yetu ikicheza na ya Tawa. Upande wa stoo ya shule tulikuwa mastewadi wawili wa kutuliza mashabiki: mimi, mwalimu kijana mwenye kifua kipana, na mama mmoja mjane ambaye kila Jumapili aliwapanga watu kwenye viti kanisani. Mastewadi walitolewa kanisani, maana ni nani mwingine angewaweza watu wetu?

Kabla ya mechi koplo wa polisi alituketisha. "Nyinyi si polisi. Mtu akileta fujo mwombeni atoke, msimpige. Akimshambulia mwenzake mbele yenu, mshikeni kama raia yeyote anavyoruhusiwa, halafu mniite." Nilicheka kimoyomoyo. Kazi gani hii ya kuombaomba?

Dakika za mwisho refa akakataa bao letu. Koplo naye alikuwa amempeleka mlevi kituoni. Wah! Watu walimwagika uwanjani na mawe mkononi. Refa akaja mbio upande wetu. Mama akamsukuma ndani ya stoo, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo. Mimi nilikuwa kando yake, na nasema kwa aibu, nilikuwa nikitafuta pa kuponyokea.

"Toka hapo, Mama! Tunamtaka huyo mwizi!"

Hakupiga kelele. Aliinua mkono, kiganja kikiangalia chini, vile vile alivyofanya Jumapili watu wakichelewa kutulia.

"Ikalai nthi," akasema. Kaeni chini. "Wewe wa shati jekundu, songa, mwachie mwenzako nafasi."

Na wakakaa! Ngai wangu, wakakaa vumbini, mstari kwa mstari, mawe mapajani. Mmoja akavua kofia. Hata mimi, stewadi mzima, nikajikuta nimechuchumaa.

Koplo aliporudi alimtoa refa salama, na watu wakaenda zao wakinung'unika. Nikamuuliza, "Mama, sheria haikukupa hata rungu. Wangekataa kukaa, ungefanya nini?"

Alikuwa bado ameegemea mlango.

"Ningekufa hapa," akasema. "Kwani ulidhani nimesimama kufanya nini? Hebu nishike mkono, mwalimu, nitoke hapa mlangoni."