Kioo Mkabala na Kiti cha Wageni

Ukitaka kucheka, cheka tu. Mimi nilikuwepo, na mtoto aliyebebwa na yule mama ni wangu wa kuzaa.

Tuliishi Ahero miaka ya themanini. Mume wangu, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari, alinunua kioo kirefu kwa Wahindi waliokuwa wakihama Kisumu, akakileta juu ya trekta ya miwa kimefungwa blanketi. Kilimzidi kimo! Tukakisimamisha sebuleni, mkabala na kiti cha wageni, nami nikaringa kweli kweli.

Binti yetu alipozaliwa, mama mkwe alituomba tumpe jina la mtu wa ukoo aliyetangulia. Tukakataa. Tumeokoka, majina ya wafu ya nini? Tukamwita Beatrice. Basi mtoto akalia mchana na usiku, ziwa akalikataa. Hospitali wakampima, wasione kitu. Alikuwa akiniishia mikononi.

Mchana mmoja, mafuriko yakiwa yamefika kizingitini, akaingia mama mzee nisiyemjua. Nilidhani ni jirani. Akaketi kwenye kiti cha wageni, akanyoosha mikono.

"Lete Awino."

"Anaitwa Beatrice, mama."

"Huyu ni Awino," akasema, akicheka.

Nikampa. Mtoto akanyamaza papo hapo! Nikaenda kuweka chai, nikapita mbele ya kioo.

Niamini. Ndani ya kioo kiti kilikuwa kitupu, kitambaa chake cha kufuma chaonekana chote, na mwanangu amelala hewani, anacheka.

Nilipiga yowe, nikageuka, nikamnyakua. Mama mzee alikuwa bado ameketi, ananitazama. Ndipo nikaona miguu yake: mikavu, na nje ni maji matupu. Nikakimbilia nyumbani kwa mama mkwe, pale pale bomani.

"Alimwita nani?" akauliza.

"Awino."

Akakaa chini sakafuni. "Nyathina, mwanangu, Awino ni mama yangu mzazi. Tulimzika kabla wewe hujaolewa hapa."

Tuliporudi, kiti kilikuwa kitupu, na sakafuni hakuna nyayo za matope ila zetu. Nikamwita mtoto Awino. Akashika ziwa, akanyonya hadi akalala.

Awino sasa ni mtu mzima. Juzi alijifungua, akaniambia, "Mama, huyu tumpe jina la Kizungu tu." Mimi nilifunika kioo kwanza, ndipo nikamjibu.

Nawe, mtoto akilia hivyo, mpeleke hospitali, ndiyo. Lakini wazee wakikutajia jina, usijifanye umeokoka kuliko mimi.