Mkia wa Video ya Fundi

Mama Makochi hakuwa mjinga, na anayebisha akakalie viti alivyovishona. Tangu mumewe afariki, yeye ndiye aliyeishika karakana: analivua kochi kitambaa kilichochakaa, anabadilisha sponji, anavuta kitambaa kipya na kukipigilia misumari midogo mpaka kiti kinarudia ujana. Ila mambo ya mtandao hakuyajua ndewe wala sikio.

Wateja walikuwa wamepungua, ndipo binti wa kaka yake, aliyefanya kazi ofisini mji mwingine, akamtengenezea tovuti. Kilichobaki ni video, nayo ilikuwepo moja tu; shangazi akamtumia. Marehemu anavuta kitambaa cha kiti, misumari ameibana midomoni. Mwishoni kabisa anaitema kiganjani, anacheka, anasema, "Mke wangu, zima hiyo simu, chai inapoa." Sauti yake haikubaki kwingine kokote. Mjane aliisikiliza kila asubuhi kabla ya kufungua karakana.

Siku moja binti akapiga simu.

"Shikamoo shangazi. Ile video inagoma kwenye simu za wateja. Ina mkia mbaya."

"Mkia mbaya?"

"Ee. Tuutoe, tuweke mwingine. Tumeshakula ng'ombe mzima, shangazi, tusishindwe mkia! Ukiniruhusu naibadilisha leo. Ngoja, bosi ananiita."

Simu ikakatika. Mama Makochi akabaki ameduwaa, nyundo mkononi. Mkia ule una ubaya gani? Kicheko? Au ni chai? Akaifungua video, akaitazama mpaka mwisho, akautafuta ubaya asiuone. Akairudia. Labda watu wa mtandao hawapendi kumsikia maiti akiongea, lakini wamejuaje kama amekufa? Na huo mkia mwingine utatoka wapi, wa mume wa nani?

Akarudi kazini kichwa kikimzunguka. Alipoinua macho aliona kitambaa cha maua amekipigilia juu chini, maua yote yananing'inia kama popo. Hapo mshangao ukamwisha, ikaja hofu: na kama yule mtoto keshakata?

Akapiga simu haraka.

"Usikate! Kama maneno ya mume wangu ni mabaya, tovuti na ikae bila video!"

"Maneno gani, shangazi?"

"Si huko mkiani!"

Binti alicheka, halafu akaacha ghafla, maana alisikia shangazi yake analia.

"Shangazi, nisamehe. Mkia ni zile herufi zinazofuata nukta kwenye jina la faili. Yako ni MOV, simu nyingi haziifungui. Nataka iwe MP4, hiyo inafunguka karibu kila mahali. Ipo na WebM, nyepesi zaidi, ila simu nyingine za zamani zinaikataa."

"Kwa hiyo nifute herufi, niandike nyingine?"

"Hapana! Hiyo ni kuvalisha kitambaa kipya sponji iliyooza. Kuna programu ya kuigeuza yote, ndani na nje."

"Na chai?"

"Chai ipo. Na kicheko kipo."

Mama Makochi alielewa nusu, na nusu hiyo ilimtosha. "Basi geuza," akasema, akaanza kung'oa misumari ya yale maua.

Video ikawekwa. Haukupita muda mrefu, akaingia bwana mmoja amebeba kiti kilichopasuka, anahema.

"Nimeona video yenu. Namtafuta yule mzee wa chai inapoa. Yupo?"

Mama Makochi akaweka nyundo chini. Alitaka kusema ametangulia, na angelisema, lakini kwanza lilimtoka neno jingine.

"Kumbe uliitazama mpaka mkiani!"

Bwana akatua kiti chini, akamwangalia asielewe.

"Mkia gani, mama?"