Bastola ya Mjomba Wabwire

Boaz alikuwa fundi wa masanduku ya bati pale Kawangware, yale masanduku ambayo mtoto haendi shule ya bweni bila hayo. Asubuhi alitoka kwake Soweto West, Kibera, akapiga mguu hadi kazini, akagonga bati mchana kutwa na kurudi nyumbani masikio yakimlia. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, wa kusema "sawa" hata kwa jambo ambalo si sawa hata kidogo. Tabia hiyo ndiyo iliyomtia taabani mwaka wa tisini na sita.

Mjomba wake Wabwire, kaka wa marehemu mama yake, alikuwa mzee wa kule Samia, wilaya ya Busia. Enzi zake alinunua ng'ombe minadani, na kwa kuwa alitembea na pesa kiunoni, serikali ilimpa cheti cha kumiliki bastola. Cheti cha kweli, si cha kuchonga, na kila ulipofika wakati wa kukipeleka kikaguliwe, mzee alivaa koti akakipeleka. Biashara aliiacha magoti yalipogoma. Basi mwaka huo, siku ya kumkumbuka mama yake Boaz, watu wakiwa wamekula wakashiba, mzee alisimama mbele ya ukoo mzima akatangaza kwamba bastola yake anampa Boaz.

"Wanangu wana mashamba," alisema. "Huyu ni omwiwa wangu, mtoto wa dada yangu. Bado sijampa kitu."

Sasa, kule kwao mtoto wa dada ni mtu wa pekee. Anaweza kuingia boma la mjomba akakamata kuku akaenda zake, na hakuna wa kumwuliza. Lakini haki hiyo ina upande wa pili ambao watu hawautaji sana: mjomba akikupa kitu mbele ya watu, hukatai. Ukikataa ni kama umemtukana mama yako kaburini. Ukoo wote ukamgeukia Boaz, na Boaz akasema nini? Akasema, "Sawa, Mjomba. Asante." Sawa gani hiyo, jamani.

Aliporudi Nairobi alimweleza mkewe, Sella, kwa sauti ya chini kabisa, redio ikiwa juu. Sella alikuwa akikatakata sukuma wiki. Aliweka kisu chini.

"Boaz, hapa mtu akinunua sufuria mpya plot nzima inajua. Majambazi wakisikia kuna bastola kwetu hawatabisha hodi. Watatuua wachukue. Hiyo kitu ikiingia kwa huu mlango, mimi na watoto tunatoka."

"Ni zawadi, Mama Lavender. Nitaikataa vipi?"

"Mimi nimesema."

Mara kutoka upande wa pili wa ukuta, ukuta wa udongo uliobandikwa magazeti, jirani yao Omolo akasema taratibu, "Boaz, ndugu yangu, sikiliza bibi."

Sella si mwanamke wa vitisho. Alikuwa na dada aliyeishi mtaa wa Mashimoni, na akisema anatoka, anatoka kweli.

Kilichobaki cha kumtetea kilikuwa sheria. Mzee Wabwire hakuwa mtu wa kufunga bastola ndani ya gunia la karanga na kuituma Nairobi kwa basi kama dagaa wa omena. Alikwenda kituo cha polisi cha kwao akauliza, naye akaambiwa waziwazi: hata akiwa mtoto wako wa kuzaa, humkabidhi silaha mtu asiye na cheti. Iache hapa kituoni ifungiwe. Huyo wa Nairobi aombe cheti hukohuko Nairobi. Akipewa, polisi wenyewe wataisafirisha mpaka kituo cha Nairobi, aichukulie huko. Mzee aliiacha papo hapo.

Boaz aliposikia hivyo alifurahi hata akapiga mluzi kazini. Nani atampa cheti cha bastola fundi wa bati, mpangaji wa chumba kimoja Soweto West? Atakwenda kuomba, atanyimwa, mjomba ataona kwamba mpwa wake alijitahidi, na mambo yataishia hapo. Basi alikwenda kuomba, huku njia nzima akimwomba Mungu anyimwe.

Shida ni kwamba Boaz alikuwa mtu mzuri. Hakuwa na kesi, hanywi, hapigani, chifu anamjua, mchungaji anamsifu mpaka basi. Inspekta Muema, aliyeshughulikia ombi lake, alimpenda tangu siku ya kwanza.

"Una adui?" aliuliza Muema.

"Sina, afande."

"Sasa bastola ya nini?"

"Ni mjomba amenipa."

Muema alicheka. "Wengine hapa wananidanganya mpaka nachoka. Umebakisha kitu kimoja. Nataka sanduku la chuma la kuiwekea, kufuli mbili, lifungwe imara ndani ya nyumba. Likiwa tayari nitakuja kuliona mwenyewe. Tena kazi yako ni gani vile?"

Boaz alitazama viatu vyake. "Natengeneza masanduku, afande."

Njiani akajiapiza kwamba atatengeneza sanduku bovu. Alichukua bati jembamba, akaliunga ovyo ovyo, kifuniko kikakaa upande. Wacera, mama wa chai aliyeuza mkabala na karakana yao, alikuja na kikombe, akalitazama lile sanduku, kisha akamtazama usoni.

"Wewe ni mgonjwa?" aliuliza.

Hiyo peke yake ilitosha kumwaibisha. Alilivunja lile sanduku, akatafuta bamba nene la chuma, akaanza upya, na ile mikono, wacha tu, ikafanya kazi yake kama kawaida. Sanduku lilitoka zito, pembe zake sawasawa, kufuli zikiitika kwa mlio mmoja. Mafundi wengine walikuja kulipigapiga. Alipolifikisha Soweto West kwa mkokoteni na kulifunga kwa bolti kwenye nguzo ya nyumba, Sella hakugomba. Alitoa begi chini ya kitanda akaanza kupanga nguo za watoto.

"Ni sanduku tupu tu," alisema Boaz.

"Kwa sasa," alisema Sella.

Usiku wa kuamkia ukaguzi mzee Wabwire alisafiri kutoka Busia, eti aone zawadi yake itaishi wapi. Alifika na koti lake, amekonda kuliko vile Boaz alivyomwacha. Sella alimsalimia, "Karibu, Baba," akatoka nje, maana chumba ni kimoja na mkwe ni mkwe. Muema naye akaja, kavaa kiraia. Aliinama, akafungua kufuli, akafunga, akagonga chuma kwa kidole.

"Fundi, hili hata mimi silivunji."

Boaz aliliona lile begi pembeni ya mlango, zipu imefungwa.

Muema alisimama, akaweka kiganja ukutani, akasukuma kidogo. Udongo ukamwagika. Nguzo ikasogea, na sanduku likasogea nayo.

"Na kuhusu hii bastola, nani mwingine anajua?"

"Mimi sijatangaza kwa mtu, afande," alijibu Boaz.

"Habari ya asubuhi, afande," Omolo akasalimia kutoka upande wa pili.

Muema aliutazama ukuta kwa muda, akipigana na kicheko. Alishindwa. "Fundi, sanduku nimelipitisha. Nyumba ndiyo nimeikataa. Mwizi hana haja ya kulifungua, atang'oa ukuta aende na kila kitu. Siwezi kukupa cheti ukae nayo hapa. Pole."

Boaz alijawa na furaha, akaona haya hata kuinua uso, mzee asije akaisoma furaha yenyewe. Nje alimsikia Sella akishusha pumzi. "Pole, Mjomba," alisema akiangalia chini. "Nimejaribu."

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti.

"Kwa hivyo inarudi kwangu," alisema.

"Ni yako, mzee," alisema Muema. "Cheti chako bado ni kizima. Ukifika Busia, ichukue."

"Na nisipoitaka?"

Ndipo alipoyatoa. Wanawe wawili waligombania mpaka wa shamba, ugomvi ukakolea, na siku moja alimkuta mkubwa, Isaac, chumbani kwake, bastola tayari iko mkononi. Alimshika kifundo cha mkono wakavutana mpaka akaiachilia. Tangu siku hiyo alilala nayo chini ya mgongo, na kulala kwenyewe ni kuhesabu mabati ya paa.

"Nikimpa mmoja, nimemuua mwingine," alisema. "Wewe hugombanii shamba kwangu. Nikasema, ikienda kwa omwiwa, wanangu wataishi. Hata sasa iko kituoni, lakini usingizi hauji. Nilijua ukikosa cheti itarudi."

"Mbona hukuniambia, Mjomba?"

"Ningesemaje mbele ya ukoo kwamba wanangu watauana?"

Boaz aliona aibu. Miezi yote hiyo alikuwa akimlaani mzee moyoni, kumbe mzee alikuwa anazama na kushika tawi la karibu.

Muema akaongea taratibu. "Mzee, unaweza kuisalimisha kwa serikali moja kwa moja. Unarudisha cheti, unaweka sahihi, hutaiona tena."

Wabwire akatikisa kichwa. "Nilishampa huyu mbele ya watu. Nitasalimisha vipi kitu cha mwenyewe?"

Wote wawili wakamtazama Boaz. Kwa mara moja maishani mwake hakuhitaji kutafuta neno.

"Nimeipokea, Mjomba," alisema. "Na mimi naitoa. Iende."

Mzee alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaung'ang'ania, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Sella alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa mdomoni.

Waliandamana na Muema hadi kituoni, mzee akatoa cheti mfukoni mwa koti, akaweka sahihi, na Muema akaahidi kupiga simu Busia. Sella alirudisha nguo za watoto mahali pake, na lile sanduku akalitia unga, panya wa Soweto West wakala hasara.

Mzee hakuweza kulala kwa mke wa mpwa wake, hilo halifanyiki, kwa hivyo Boaz alimpeleka Kawangware wangoje jioni, ndipo wamtafutie malazi kwa mtu wa kwao. Alimkalisha kwenye benchi la Wacera akamwagizia chai. Mafundi walikuwa wanagonga bati pande zote, kelele ya kupasua kichwa. Boaz alipogeuka, mzee alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma, na Wacera alikuwa anamtoa kikombe kwenye vidole polepole.

Boaz alitaka kuwaambia wenzake wanyamaze.

"Waache wafanye kazi," alisema Wacera. "Huyo hasikii kitu."

Naye Boaz akachukua nyundo, akaanza polepole, kisha akagonga kama siku zote. Mzee alilala mpaka jua likahamia upande wa pili wa barabara, na alipoamka aliuliza kama kuna chakula.