Alama ya Saba

Vita vilipotulia tukarudi Baraka, mji wetu wa Kongo, kutoka ukimbizini Kigoma, nilimkuta jirani akitwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu chetu. Nikamwita mwizi mbele ya watoto wake, nikakibeba kinu hadi nyumbani.

Kila mara mama alipojifungua, marehemu baba alichonga alama moja chini ya kinu kile. Nikakipindua, nikahesabu. Alama saba, na sisi watoto tulikuwa sita.

“Mama, huyu wa saba ni nani?”

“Ule nilizaa mbele ya kukuzaa wewe. Alikufa na wiki mbili. Huyo jirani uliyemutukana ndiye alimuosha, tukamuzika.”

“Aliitwa nani?”

Mama akataja jina langu.

Nilikipiga kinu teke. Miaka yote hiyo waliita, nikaitika, na hakuna aliyeniambia kwamba walikuwa wanamwita yeye.