Kukaa Bila Kutikisika

Loice Nerima alitoka Busia, upande wa Kenya, mara tu baada ya kumaliza sekondari, akaja Kampala kwa shangazi yake. Hakurudi tena kuishi kwao. Kwa miaka mingi sasa anafanya kazi katika duka la kuchapisha na kutoa fotokopi pale Wandegeya, karibu na chuo kikuu, na kazi yake hasa ni picha za paspoti. Mteja anakaa kwenye stuli mbele ya shuka jeupe, kamera inalia, mashine inatema picha, mwingine anaingia. Wengi ni wanafunzi, na wote wana haraka. Jioni akifunga duka macho yanamwasha na kiuno kinagoma, na ukimuuliza amempiga picha nani siku hiyo, hakumbuki hata uso mmoja.

Siku moja mwenye duka alisafisha stoo ya nyuma. Akakuta maboksi ya karatasi za picha za zamani, zile za kusafishwa gizani kwa dawa, kubwa kama karatasi za kuandikia, pamoja na mifuko ya dawa yenyewe. Muda wa kuzitumia ulikuwa umeshapita.

"Tupa hizo," akasema.

Loice akaziomba. Hakujua bado anazitakia nini.

Jioni ile kwenye simu alikuta video ya mtu anayepiga picha kwa sanduku tupu. Halikuwa na lenzi wala betri. Mbele lilikuwa na tundu dogo kama ncha ya sindano, nyuma karatasi. Mwanga unapenya kwenye tundu na kuiangusha picha juu ya karatasi, kichwa chini miguu juu. Wengine hutumia filamu kubwa, ambazo Loice asingemudu bei yake, lakini karatasi alikuwa nazo. Tena picha moja ilichukua dakika kadhaa, na muda wote huo mpigaji alikuwa amekaa juu ya jiwe, anangoja. Loice alirudisha video nyuma ili aione tena ile sehemu ya kukaa.

Sanduku lake la kwanza lilikuwa boksi la karatasi za fotokopi. Alilipaka rangi nyeusi ndani, akakata kipande cha kopo la soda, akakitoboa kwa sindano nyembamba, akakisugua kwa msasa mpaka kingo za tundu zikawa laini, kisha akakibandika mbele kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme. Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Ya pili pia. Mwanga ulikuwa unaingia kwenye pembe za boksi, na kabla hajaziziba, mvua ikalilowesha likalegea lote.

Akaenda Kisenyi kwa Sulaimani, fundi anayetengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Alitaka dogo, lenye mfuniko wa kubana sana, na tundu mbele.

"Bila kufuli, nyabo?" Sulaimani akauliza, akimwita bibi kwa Kiganda. "Unaweka nini ndani?"

"Giza tu."

Sulaimani akamtazama, akacheka, akaendelea kugonga bati.

Loice alipanga chumba Ggaba, juu kidogo ya mwalo wa ziwa wavuvi wanaposhushia samaki. Jumapili moja aliliweka sanduku juu ya ukuta linatazama mwaloni, akabandua tepu iliyofunika tundu, akangoja, akabandika tena. Chumbani aliziba dirisha kwa blanketi, akawasha taa nyekundu, akatumbukiza karatasi kwenye beseni la dawa. Taratibu mwalo ukajitokeza, weupe ukiwa mweusi na weusi mweupe. Aliipandisha karatasi hiyo juu ya nyingine mpya, akazikandamiza kwa kioo, akazimulika kidogo kwa tochi ya simu, na ile mpya iliposafishwa ikatoka sawasawa.

Aliianika kwenye kamba uani. Jirani yake Otema akaja kuitazama. Otema ni Mwacholi, mwanajeshi mstaafu, sasa askari wa usiku kwenye bohari la samaki.

"Madamu Loice, watu wa mwaloni wameenda wapi?"

"Walikuwa wanatembea, afande. Sanduku halishiki mtu anayetembea."

Otema akatikisa kichwa. "Mimi najua kukaa. Jeshini tulisimama mpaka jua linaangusha watu. Piga mimi."

Akaeleza kwamba simu yake iliibwa na picha zote zikaenda nayo, na mwanawe Kidega, aliye kwao Kitgum, kaskazini, hana hata picha moja ya baba yake. "Nataka ya karatasi. Ya kubandika ukutani."

Jumapili iliyofuata Otema alitoka kazini asubuhi, akanawa uso, akavaa koti na kukaa kwenye kiti mbele ya ukuta wenye jua. Loice akabandua tepu. Muda haukupita mrefu Otema akasinzia, mgongo wima, mikono magotini. Loice aliona, lakini hakumwamsha. Aliuonea huruma usingizi ule.

Picha ilitoka safi, kila mkunjo wa uso ukionekana, macho yamefumba. Otema aliishika kwa vidole viwili.

"Hapana. Hii nikituma, nyumbani wataanza kulia. Watasema wameletewa maiti."

"Tutarudia, afande."

Haikuwa rahisi kurudia. Mvua zilianza. Kisha ukafika msimu wa mitihani na duka likafunguliwa hata Jumapili. Siku Loice alipopata nafasi, Otema alikuwa amewekwa zamu ya mchana. Siku Otema alipopata nafasi, Loice alirudi na maumivu ya kiuno, akalala bila kula. Mara mbili aliazimia kumwambia basi, atafute mtu mwenye simu. Kila alipomkuta bombani, Otema hakuuliza kitu, na hilo lilimlemea kuliko kama angeulizwa.

Mwishowe jua lilitoka Jumapili moja, na wote walikuwapo. Mke wa Otema, Atoo, anayekaanga samaki mwaloni, alikuwa amerudi kufuata chumvi, nguo zikinuka mafuta.

"Kaa naye, mama," Loice akamwambia. "Ukiwapo hatasinzia."

"Na kazi yangu?"

"Ni dakika chache tu."

Atoo akajitupa kwenye benchi kando ya mumewe, akamwegemea begani. "Hivi nikiegemea, hatutikisiki," akasema kwa sauti ya mtu aliyepata pa kupumzika. Loice akabandua tepu, naye akaketi juu ya jerikeni. Nzi alitua kwenye paji la uso la Atoo, akatembea, akaruka. Atoo hakupepesa. Loice alichelewa kidogo kubandika tepu, na hakuna aliyelalamika.

Karatasi ikiwa ndani ya dawa, umeme ukakatika. Loice alimaliza kwa kupapasa, akikisia tu. Alipolifungua dirisha na kuona nyuso mbili zimekaa mahali pake, alikaa sakafuni kando ya beseni, akaegemeza kiuno ukutani.

Otema aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Hawa watu wamechoka sana," akasema.

Atoo akaichukua, akaisogeza kwenye mwanga. "Ni sisi."

"Nipige nyingine?" Loice akauliza, ingawa alijua hana nguvu ya kupiga nyingine.

"Acha," Otema akasema. "Macho yapo wazi. Itaenda."

Waliifunga katikati ya vipande viwili vya katoni, ikaenda Kitgum na msafiri wa basi. Baadaye Kidega alipiga simu kuuliza kama mama yake anaumwa. Atoo akamjibu kwamba haumwi, ndivyo alivyo siku zote, ila Kidega hajawahi kumuona akiwa amekaa akapumzika. Kidega akasema ameshaibandika ukutani.

Atoo mwenyewe ndiye aliyemsimulia Loice habari hiyo, wote wawili wakiwa kwenye foleni ya maji. Jumapili iliyofuata Loice hakupiga picha yoyote. Aliacha blanketi dirishani, akarudi kitandani, akalala mpaka mchana.