Wa Kuitikia Hayupo

Kwenye tramu ya Berchem, huku Ubelgiji, binti aliyekaa mbele yangu alimnyooshea mama yake simu.

"Maman, anza hadisi. Ninarekodi."

Alitaka kuhifadhi lugha ya kwao Kivu, ambayo mwenyewe haijui. Mama akapaza neno moja la wito, akangoja.

"Endelea, donc."

"Mupaka muntu aitike. Bila kuitika, hadisi haiwezi kuanza."

"Mimi sijue kuitika, Maman."

Mama akatutazama abiria, mmoja mmoja. Nikajifanya nasoma tangazo la mlangoni. Akapaza wito tena, kisha akajiitikia mwenyewe kwa sauti nyembamba, kama ya mtoto.

Siku moja mtaalamu ataisikiliza rekodi ile, na ataandika kwamba lugha hiyo ilikuwa bado na wasemaji wawili.