Viatu vya Mwakani

Mimi kukaa sijui. Hata sasa ninapoandika haya mguu wangu unagonga sakafu, na mke wangu ameshaniuliza mara mbili kama nina funza. Ndiyo maana nikawa mwalimu wa michezo. Na hasira zangu ni za karibu, sifichi.

Nilipohamishwa kutoka kwetu Mbeya nikapangiwa shule moja ya Mlandege, Iringa, nilikuta kipindi cha michezo cha darasa la nne kimegeuzwa cha hesabu. Watoto ukiwarushia mpira wanafumba macho. Nikachukua majivu ya jikoni, nikachora uwanjani miraba kumi kama ngazi. Mtoto anapita mbio, mguu mmoja kila mraba, bila kukanyaga mstari, huku anarusha na kudaka mpira wa matambara. Nilitaka miguu na mikono vizoee kusikilizana. Sharti langu lilikuwa moja: hakuna kuvua viatu, baridi ya huku si ya mchezo.

Baada ya miezi miwili hata wazito walikuwa wanapita. Aliyenishinda ni binti mmoja, na ndiye aliyeupenda mchezo kuliko wote. Alfajiri anakuja wa kwanza na debe la majivu, anachora miraba yeye mwenyewe, imenyooka kuliko yangu. Alitaka kuwemo katika watoto wanane wa kuucheza mchezo huo kwenye mashindano ya kata. Aliniambia hivyo kila siku, mpaka akanichosha.

Siku ya kuchagua alianguka mraba wa tatu. Akarudia, akaanguka tena. Nikamuuliza mbele ya wenzake kama miguu ile ameiazima. Darasa likacheka. Yeye akajipangusa magoti.

"Mwalimu, nivumilie. Mwakani nitaweza."

Nikamjibu kwamba mashindano ni Ijumaa, si mwakani. Nikaandika majina manane, lake halimo, karatasi ikapelekwa ofisi ya kata mchana uleule.

Alhamisi, kwenye mchakamchaka wa asubuhi, kiatu chake kilichomoka kikaruka hadi miguuni pangu. Nikakiokota. Ndani, mbele kule, palikuwa na kipande cha kanga kuukuu kilichosokotwa, na kipande cha gunia. Kiatu chenyewe kilikaribia kunitosha mimi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mama yake amevinunua vikubwa makusudi, vitamtosha mwakani.

Nikahisi uso unawaka. Mama yangu mwenyewe, sokoni Mwanjelwa, alikuwa anabonyeza ncha ya kiatu kwa dole gumba na kumwambia muuzaji alete kikubwa zaidi, huyu anakua kama mgomba. Jozi moja nilivaa miaka mitatu, na miwili ya kwanza nilitembea juu ya matambara. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kitanda hicho nilikilalia, na kunguni nikawasahau.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu karibu nikimbie. Akasema majina yakishafika kata hayabadilishwi. Nikabisha, nikapandisha sauti, nikatoka nimebamiza mlango. Nikamtafuta yule binti, nikamwambia nimemkosea. Akasema si kitu, mwalimu. Ile "si kitu" iliniuma kuliko kama angelia.

Ijumaa niliwavua viatu wanane wote. Walimu wa shule nyingine wakanitazama, watoto peku kwenye baridi ile. Yule binti nilikuwa nimemchukua pia, angalau aone, naye akajipa kazi ya kulinda viatu vya wenzake. Tukashika nafasi ya pili, na watu wakakimbilia soda.

Mimi soda sikunywa. Nilizunguka kumtafuta, nikakuta jozi nane zimepangwa ukutani, na ya tisa mwisho kabisa, matambara yamechomolewa na kuwekwa pembeni. Mwenyewe alikuwa uwanjani peke yake, peku, na mpira mkononi. Akaenda miraba yote kumi, akageuka, akarudi, mpira ukipanda na kushuka mkononi mwake.

Kwa mazoea yangu mabaya nikatafuta kosa. Sikuliona hata moja, na karatasi ya majina ilikuwa mezani kwa waamuzi. Akaja ukutani, akarudishia matambara yake, akafunga kamba, akaniuliza kama tunaondoka.